Tovuti Inapokukataza Kurudi Nyuma

Yeyote aliyewahi kulipa ada, kuomba kazi au kuomba mkopo wa chuo kupitia intaneti anayajua maneno haya: "Tafadhali usibonyeze kitufe cha kurudi nyuma wala kupakia upya ukurasa huu." Aghalabu huandikwa kwa rangi nyekundu, na chini yake kuna kiduara kinachozunguka. Tovuti nyingine haziishii kwenye kuomba. Zinafungua dirisha lisilo na sehemu ya anwani, zinazima kitufe cha kulia cha kipanya, au zinachezea historia ya kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) ili kila ukijaribu kurudi ujikute palepale ulipokuwa.

Je, mwenye tovuti ana haki ya kumfungia mgeni wake namna hii? Nasema hana, isipokuwa katika hali chache nitakazozieleza. Lakini jibu hilo halimsaidii mtu kama hatujaelewa kwanza kwa nini hata watengenezaji wa tovuti wenye nia njema wanafika mahali pa kukiogopa kitufe kidogo kilichopo kona ya juu ya skrini.

Kivinjari huweka orodha ya kurasa ulizozifungua katika kila kichupo (tab), kwa mpangilio uleule ulivyozifungua. Ukibonyeza kurudi nyuma, kinashuka hatua moja katika orodha hiyo. Kumbuka kwamba orodha hii imo kwenye simu au kompyuta yako, haimo kwenye seva, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti. Seva haipewi taarifa kwamba umerudi, na mara nyingi kivinjari hakiwasiliani nayo kabisa, kinakuonyesha nakala kiliyoiweka. Firefox ilianza kuhifadhi kurasa nzima katika kumbukumbu kwa ajili hiyo kuanzia toleo la 1.5 mwaka 2005, na Chrome ya kompyuta ikafanya hivyo mwaka 2021. Matokeo yake, skrini inaweza kukuonyesha hali ya dakika tano zilizopita, ilhali seva imeshasonga mbele. Wewe unaona fomu ambayo haijatumwa, na seva inajua ilishapokelewa.

Sehemu ya pili ya tatizo imo kwenye HTTP yenyewe, utaratibu wa mawasiliano uliotokana na kazi ya Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva. HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linafika kwenye seva kama mgeni asiyejulikana, na ni juu ya mtengenezaji wa tovuti kubuni njia ya kumtambua mtu yuleyule kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Maombi yenyewe ni ya aina kadhaa, lakini mbili ndizo zinazotuhusu hapa. GET ni ombi la kuona kitu: habari, picha, matokeo ya mtihani. POST ni ombi la kupeleka kitu kitakachofanyiwa kazi: fomu, malipo, ujumbe. Kanuni za HTTP zinasema GET isibadilishe chochote upande wa seva, hivyo kulirudia hata mara mia hakuna madhara. POST haina dhamana hiyo. Ukituma POST ya malipo mara mbili, seva iliyojengwa vibaya itakukata pesa mara mbili. Ndiyo maana ukipakia upya ukurasa uliotokana na fomu, kivinjari kinasimama na kukuuliza kama kweli unataka kuituma tena.

Sasa unaelewa lile onyo jekundu linatoka wapi. Mtengenezaji anajua, au anahisi, kwamba seva yake haiwezi kutofautisha malipo mapya na malipo yaleyale yaliyotumwa tena. Badala ya kuirekebisha seva, anamwomba mlipaji awe mwangalifu. Mzigo wa udhaifu wa mfumo unahamishiwa kwa mtu asiyejua chochote kuhusu mfumo huo, tena katika dakika ambayo pesa yake iko hewani.

Mzigo huo, kwa mtu anayetumia simu ya bei nafuu, haubebeki. Fikiria hatua za malipo ya kawaida huku kwetu. Unajaza fomu kwenye kivinjari, kisha ukurasa unasubiri. Kwenye simu unaletewa ujumbe wa kuweka namba ya siri ya M-Pesa, au inabidi utoke kwenye kivinjari uende kusoma namba ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS. Ukiwa huko, simu yenye kumbukumbu ndogo inatafuta nafasi, na kitu cha kwanza inachoweza kukitoa ni ule ukurasa wa kivinjari uliouacha nyuma. Ukirudi, kivinjari kinaupakia upya. Hukubonyeza kitu. Umefuata maelekezo yote, na simu yenyewe imefanya lile hasa ulilokatazwa. Ongeza hapo bando linaloisha katikati ya muamala, mnara unaosuasua, betri inayozimika na mtu anayepiga simu wakati huohuo. Tovuti inayotegemea mlipaji asirudi nyuma wala asipakie upya imejengwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yenye intaneti ya waya, na walipaji wengi wa Afrika Mashariki hawako hivyo.

Tena kwenye Android kurudi nyuma si jambo la kivinjari peke yake. Ni ishara ya simu nzima. Tangu Android 10, iliyotoka 2019, watu wengi wanarudi kwa kutelezesha kidole kutoka pembeni mwa skrini, na kidole hufanya hivyo kwa mazoea hata kabla kichwa hakijaamua.

Dawa ya tatizo hili inajulikana kwa miaka mingi na haina gharama kubwa. Sehemu yake ya kwanza ni kwamba seva, baada ya kupokea POST, isitoe ukurasa wa majibu papo hapo. Ijibu kwa msimbo 303, unaokiambia kivinjari kiende kwenye anwani nyingine kwa GET. Mlipaji anafika kwenye ukurasa wa risiti ambao ni GET tupu. Akiupakia upya, anaiona risiti ileile. Akirudi nyuma na kwenda mbele, bado ni risiti ileile.

Sehemu ya pili ndiyo inayolinda pesa. Kila fomu ya malipo ipewe namba yake ya pekee kabla haijajazwa, na namba hiyo isafiri pamoja na ombi. Seva ikiliona ombi lenye namba ambayo imeshaishughulikia, inarudisha jibu la mwanzo bila kukata pesa tena. Kampuni kubwa za malipo kama Stripe zinawapa watengenezaji njia hii kama sehemu ya kawaida ya huduma. Watanzania wanaifahamu fikra yenyewe kwa sura nyingine, kupitia kumbukumbu namba ya malipo ya serikali: deni linaundwa kwanza na kupewa namba yake, kisha pesa inalipwa dhidi ya namba hiyo, iwe kwa simu, kwa wakala au benki. Ukurasa ulioitoa namba unaweza kufungwa, kufunguliwa, kurudiwa, na deni linabaki kuwa moja.

Mifumo ikijengwa hivi, onyo jekundu linakosa kazi. Kwa sababu hiyo, kila ninapoliona nalisoma kama taarifa kuhusu ubora wa mfumo ulio nyuma yake.

Sababu ya pili inayotolewa kwa kuzuia vitufe ni usalama, na hii naiheshimu zaidi. Watu wengi hawajazi fomu zao nyumbani. Wanakwenda steshenari au saiba, wanatumia kompyuta iliyotumiwa na mwingine dakika chache kabla. Mtu akitoka kwenye akaunti yake na kuinuka, anayekaa baada yake anaweza kubonyeza kurudi nyuma na kuona taarifa za yule wa kwanza: majina, namba ya kitambulisho, hata salio la benki. Hofu hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini hata hapa kuzima kitufe kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ni kufuli la karatasi, kwa sababu mtu yeyote anaweza kufungua orodha ya historia au kuzima JavaScript yenyewe. Kinachofanya kazi ni agizo ambalo seva inalituma pamoja na ukurasa, linaloitwa no-store, likikiambia kivinjari kisihifadhi nakala. Pamoja na hilo, seva iufute kabisa ufunguo wa kuingia pale mtu anapotoka. Mgeni wa pili akirudi nyuma, kivinjari kinalazimika kuuliza seva, na seva inamdai nenosiri. Kitufe kimeachwa kifanye kazi yake, na siri imelindwa.

Zipo sababu nyingine ambazo hazistahili muda mrefu. Kuzima kitufe cha kulia ili watu wasinakili picha hakumzuii anayejua kupiga picha ya skrini, na kunamnyima msomaji wa kawaida njia ya kufungua kiungo kwenye kichupo kipya. Kuzuia kubandika nenosiri kunawaumiza zaidi wanaotumia programu za kuhifadhi manenosiri marefu. Kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza kiliziomba tovuti waziwazi mwaka 2017 ziwaache watu wabandike. Kuzuia kukuza maandishi kwenye simu kunawakosea wenye macho hafifu, na Apple ilifikia hatua ya kuifanya Safari ya iOS 10, mwaka 2016, ipuuze agizo hilo la tovuti.

Mfano huo wa Apple unaonyesha mwenendo ambao umejirudia tangu intaneti ilipoanza kutumiwa na umma. JavaScript ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich pale Netscape, kampuni ya kivinjari cha wakati huo, na pamoja nayo kurasa zikapata uwezo wa kukiamrisha kivinjari: fungua dirisha, lifiche, liondolee vitufe. Haikuchukua muda matangazo yakaanza kuchomoza yenyewe. Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, alieleza mwaka 2014 kwamba yeye ndiye aliyeandika msimbo wa tangazo la namna hiyo, na akaomba radhi. Nia yao ilikuwa kumridhisha mtangazaji ambaye hakutaka tangazo lake lionekane ndani ya ukurasa wenye mambo machafu, hivyo wakalihamishia kwenye dirisha lake. Miaka michache baadaye watu walikuwa wanafunga madirisha kumi ili wasome habari moja. Vivinjari vikaanza kuyazuia, na Microsoft ikaweka kizuizi hicho katika Internet Explorer kupitia Windows XP Service Pack 2 mwaka 2004.

Kisha ikaja zamu ya historia ya kivinjari. Kurasa za kisasa hufanya kazi kama programu: unafungua barua, unaifunga, unatafuta, unahama sehemu hadi sehemu, na kivinjari bado kinaamini uko kwenye ukurasa mmoja. Ukirudi nyuma unatupwa nje kabisa. Ili kuondoa kero hiyo, HTML5, toleo jipya la lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ikaja na njia ya ukurasa kuongeza hatua zake wenyewe katika orodha ya kivinjari. Ikitumiwa vizuri ni neema. Kwenye ramani, kurudi kunakupeleka mahali ulipokuwa ukitazama kabla, na kwenye fomu ya hatua tano kunakupeleka hatua ya nne ukiwa na majibu yako yote.

Ila njia ileile inamruhusu mwenye tovuti kusukuma hatua ishirini za uongo ndani ya orodha. Unabofya kiungo kutoka kwenye matokeo ya utafutaji, unaona si ulichokitaka, unajaribu kurudi, unaletewa matangazo. Unajaribu tena, matangazo mengine. Matapeli wanaojifanya mafundi wa kompyuta hutumia mtego huohuo pamoja na skrini nzima na sauti ya tahadhari, ili mtu aamini kompyuta yake imefungwa na apige namba waliyoiweka. Mwaka 2019 Chrome ilianza kuziruka hatua zilizoongezwa na ukurasa bila mtumiaji kugusa chochote. Hata ule ujumbe wa "una uhakika unataka kuondoka?" ulinyang'anywa maneno yake. Zamani tovuti iliweza kuandika chochote humo, pamoja na vitisho. Firefox ilikomesha hilo mwaka 2011 na Chrome mwaka 2016, na sasa maneno ni ya kivinjari chenyewe.

Kila uwezo waliopewa wenye tovuti juu ya vitufe vya kivinjari umeishia hivi: wachache wakautumia vibaya kiasi kwamba ukapunguzwa kwa wote. Anayejenga huduma yake juu ya kumzuia mgeni anajenga juu ya kitu ambacho toleo lijalo la Chrome au Safari linaweza kukiondoa.

Wapo watakaosema kwamba hata vivinjari vyenyewe vimewahi kuwaondolea watu njia za kurudi nyuma. Ni kweli, na mfano wake unafundisha. Mpaka 2016, kwenye Chrome ya Windows, kitufe cha Backspace cha kibodi kilikuwa kinarudisha ukurasa nyuma. Mtu aliyedhani anafuta herufi moja kwenye fomu alijikuta amepoteza fomu nzima. Chrome ikaiondoa njia hiyo. Lakini angalia kilichoondolewa na kilichobaki: ajali iliondolewa, kitufe kikabaki mahali pake, na aliyetaka njia ya kibodi akabaki na Alt pamoja na mshale wa kushoto. Uamuzi ulifanywa na chombo kinachomtumikia mtumiaji, kwa ajili ya kazi ya mtumiaji, na ukawa uleule kwa tovuti zote. Tovuti moja ikiamua kivyake kwamba kwangu kitufe hiki hakifanyi kazi, inamwachia mgeni asijue atarajie nini.

Kujua atarajie nini ni jambo zito kuliko linavyosikika. Linda Tauscher na Saul Greenberg wa Chuo Kikuu cha Calgary walichapisha utafiti mwaka 1997 ulioonyesha kwamba takribani asilimia 58 ya kurasa ambazo mtu alizifungua zilikuwa ni zile alizowahi kuziona. Kurudi si dosari ya matumizi, ni matumizi yenyewe. Jakob Nielsen, aliyekuwa akiandika kuhusu urahisi wa kutumia tovuti, aliorodhesha makosa mapya ya usanifu mwaka 1999 na kosa la kwanza likawa kuharibu kitufe cha kurudi nyuma. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza kutumia intaneti, na wapo wengi miongoni mwetu, kitufe hicho ndicho kinachompa ujasiri wa kubofya asichokijua, kwa kuwa akikosea atarudi. Ukikiondoa, anaacha kujaribu, au anampa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri amfanyie.

Sasa zile hali chache nilizozitaja mwanzo. Ya kwanza ni mtu aliyeandika kitu kirefu ambacho hakijahifadhiwa. Hapo tovuti ina haki ya kumsimamisha mara moja na kumuuliza, ingawa ingekuwa bora zaidi kama ingehifadhi rasimu yenyewe kila baada ya muda mfupi. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuhusu ufikivu (kuhakikisha tovuti zinatumika na watu wote, hata wenye ulemavu) inadai kitu cha aina hiyo kwa kurasa zenye uzito wa kisheria au wa pesa: mtu aweze kutengua alichokifanya, au data yake ikaguliwe na apewe nafasi ya kusahihisha, au apewe nafasi ya kupitia na kuthibitisha kabla ya kutuma. Zote tatu ni njia za kumpa mtu nafasi ya kurudi.

Ya pili ni mtihani. Mwanafunzi anayefanya mtihani kwenye kompyuta hatakiwi kuhamia kwenye kichupo kingine kutafuta majibu. Lakini hilo halifanywi kwa hila za ukurasa. Linafanywa kwa programu maalumu, kama Safe Exam Browser iliyoanzia ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, ambayo huwekwa kwenye kompyuta, mwanafunzi akijua inaanza lini na inaisha lini. Vivyo hivyo kompyuta ya kujihudumia kwenye ukumbi wa benki au maktaba: mwenye kifaa ndiye anayekifunga, na kifaa ni chake. Tovuti haimiliki simu ya anayeitembelea.

W3C waliliweka jambo hili katika kanuni za usanifu wa HTML mwaka 2007: maslahi yakigongana, watumiaji watangulie waandishi wa kurasa, waandishi watangulie watengenezaji wa vivinjari, nao watangulie wanaoandika viwango, na nadharia iwe ya mwisho.

Kama wewe ni mlipaji na umekwama kwenye ukurasa unaokukataza kila kitu, usilipe tena kwanza. Tazama SMS za muamala au salio lako, kisha fungua tovuti hiyo kwenye kichupo kipya na utafute kama malipo yameandikwa. Kama ukurasa unakuzungusha, bonyeza kitufe cha kurudi na ukishikilie: Chrome itakufungulia orodha ya kurasa za nyuma, na unaweza kuruka hatua zote za uongo kwa mguso mmoja. Ukurasa unaokutisha kwamba kifaa kimefungwa, ufunge kichupo chake, na namba iliyoandikwa humo usiipigie.

Na kama wewe ndiye unayejenga ukurasa wa malipo, chukua simu ya bei ya chini kabisa dukani, weka laini ya kawaida yenye bando dogo, anza kulipa, zima data katikati, iwashe, rudi nyuma mara tatu, pakia upya, tuma tena. Kisha fungua hifadhidata uhesabu malipo yaliyoandikwa. Yakiwa zaidi ya moja, kazi yako iko kwenye seva.